Majengo waliyosubiri yaanguke bado yapo, yaliyokufa yaliuawa na hesabu za kiwanja

Nondo Mbili (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Nimekuwa nikisoma mambo ya maghorofa ya mwanzo wa karne ya 20, tuseme 1900 hadi 1930 hivi, na kuna kitu karibu kila jengo nalolifungua nakikuta: watu wa wakati ule walikuwa wanasimama barabarani wanasubiri lidondoke. Sio utani, jengo linapanda na watu chini wanabishana litaangukia upande gani. Sasa ukifuatilia mwisho wake unakuta yale waliyosema hayafiki mbali bado yamesimama hadi leo, na yale ambayo hakuna aliyeyatilia shaka ndio hayapo, na hayakuangushwa na upepo wala tetemeko, ni hesabu za kiwanja, yaani pesa ya ardhi.

Ila tusiwacheke bure. Kwa maelfu ya miaka ukuta ndio uliobeba nyumba, ukitaka kwenda juu lazima ukuta wa chini unenepe. Kuna jengo Chicago linaitwa Monadnock, la 1891, ghorofa 16 za matofali matupu, kuta zake za chini zina unene wa kama mita 1.8, yaani mtu anaweza kulala humo ndani ya ukuta akanyoosha miguu. Uzito wake ukalititisha kwenye udongo wa Chicago karibu nusu mita. Jicho la mtu lilishazoea hivyo, likiona ukuta mnene linatulia. Halafu wanakuja mainjinia wanasema ukuta haubebi tena kitu, mzigo wote uko kwenye fremu ya chuma ndani, ukuta ni nguo tu limevalishwa. Ungekuwa wewe ungekubali kirahisi?

Haya twende kwenye Flatiron, New York, 1902. Mbunifu ni Daniel Burnham wa Chicago. Kiwanja chenyewe ni pembetatu, pale Broadway inapoikata Fifth Avenue kwa mshazari, na jamaa hakupoteza hata kipande, akalifuata umbo la kiwanja hadi nchani. Ile pua ya mbele ina upana wa mita 2 tu, na jengo linapanda mita 87. Ukilitazama kwa mbele ni kama ukuta mmoja umesimamishwa wima bila kitu nyuma. Watu wakaliita upumbavu wa Burnham, wengine wakawekeana dau kwamba upepo ukija vipande vitaruka hadi wapi. Kumbe fremu ilipigiwa hesabu ya kuhimili upepo mara nne ya ule mkali kabisa waliotarajia pale.

Upepo wenyewe ulikuwepo kweli, ila kazi yake ikawa kupeperusha sketi za wanawake wanaopita kwenye kona, na wanaume wakajazana pale kutazama hadi polisi wakawa wanawafukuza. Jengo limetulia, waliokosa utulivu ni wao.

Naendelea baadaye, acha kwanza nipumzishe vidole.

mtazamaji_tu

Nimekaa kiti cha mbele. Ila mkuu mbona hujasema kuhusu lifti, bila lifti hayo maghorofa nani angepanda?

Nondo Mbili

@mtazamaji_tu kweli kabisa, fremu na lifti ni mapacha. Lifti za Flatiron mwanzoni ziliendeshwa kwa nguvu ya maji, zilikuwa za mwendo wa pole na watu walizilalamikia miaka mingi. Na kituko kingine, jengo lilifunguliwa bila vyoo vya wanawake, baadaye ndio wakagawa, ghorofa hii wanaume inayofuata wanawake. Burnham alikumbuka upepo akasahau hilo.

Bimu la Juu

Chuma mimi naelewa, chuma unakiona, unakigonga, meli na madaraja yalishajengwa nacho. Ninachotaka kujua ni zege. Nani wa kwanza alithubutu kupeleka zege ghorofa kumi na kitu juu? Maana zege mtu analiona ni uji unamwagwa unakuwa jiwe, kumwambia alale juu yake na chini kuko wazi ni shughuli nyingine.

Nondo Mbili

@Bimu la Juu umenipeleka nilikotaka. Hilo ni Ingalls Building, Cincinnati, 1903, ghorofa 16, mita 64. Ndilo ghorofa refu la kwanza la zege na nondo duniani. Mwenye mali, Melville Ingalls, alihangaika kama miaka miwili kupata kibali, wakubwa wa jiji hawakuwa tayari kusaini, na usiwalaumu, kabla ya hapo majengo ya zege yalikuwa mafupi mafupi.

Kwa wasiojua zege linavyofanya kazi: zege ukilibana lina nguvu ajabu, ukilivuta linapasuka kama kibiriti kikavu. Bimu likibebeshwa mzigo, upande wa juu unabanwa, wa chini unavutwa, kwa hiyo chini ndio unaweka nondo zibebe ule mvuto. Na bahati iliyopo, ambayo sijui nani wa kumshukuru, ni kwamba chuma na zege vikipata joto vinatanuka karibu sawasawa, vinginevyo kila kiangazi vingeachana. Kuna jamaa Ernest Ransome alishachukua hataza (haki ya uvumbuzi) mwaka 1884 ya kuisokota nondo ya pembe nne kama kamba ili zege liing'ang'anie isichoropoke. Ndiyo mfumo uliotumika Ingalls. Ukitazama mikunjo ya nondo za leo ujue ukoo wake unaanzia huko.

Sasa wanasimulia kwamba siku ya kuondoa mbao zilizoshikilia zege, mwandishi mmoja wa gazeti alikesha nje usiku kucha ili jengo likianguka habari iwe yake. Kulipokucha jengo lipo, akarudi nyumbani na usingizi wake. Hadi leo lipo.

Kiazi Kitamu

Hiyo ya mwandishi ni chai mkuu, kila jengo la zamani lina mtu wake aliyekesha.

Nondo Mbili

Inawezekana, ndio maana nimesema wanasimulia. Ila hata kama ni chai, mtu hatungi chai ya namna hiyo kama mji mzima hauna wasiwasi.

Fundi Mstaafu

Nimesoma kimya ila hapo kwenye kuondoa mbao nimeshindwa kuvumilia. Vijana, hakuna siku saiti inanyamaza kama siku ya kutoa mbao. Mimi nilishawahi kuwa kwenye kazi moja, mkandarasi simtaji, alitaka mbao zitoke mapema azipeleke saiti nyingine, tukazitoa, bimu likachora mstari mwembamba katikati kama unywele. Hakuna aliyeumia, tukarudisha vihimili mbio mbio, lakini ule mlio wa kwanza mbao inapoachia hadi leo nausikia. Kwa hiyo huyo mwandishi wenu awe wa kweli au wa uongo mimi namwelewa.

Mleta uzi tafuta habari ya Centennial Hall ya Wrocław. Wakati ule mji ni wa Ujerumani unaitwa Breslau, sasa ni Poland. Mbunifu Max Berg, wamejenga 1911 hadi 1913. Kuba la zege lenye kipenyo cha ndani mita 65, kimo mita 42. Ili mjue ni kitu gani, kuba la Pantheon, lile hekalu la kale pale Roma, ni mita 43 na lilishika nafasi kwa karne na karne hakuna aliyeligusa kwa ukubwa. Halafu Berg hakulificha zege kwa lipu wala marumaru, ameliacha uchi, alama za mbao zinaonekana mle ndani mpaka leo. Wakati huo zege lilikuwa la kujengea maghala na madaraja, kuliweka wazi kwenye ukumbi wa heshima ilikuwa kama kwenda harusini na ovaroli.

UNESCO wameliingiza kwenye urithi wa dunia 2006. Mimi ningewapa na wale waliokaa chini yake siku ya kutoa mbao.

Dirisha Wazi

Naongeza kitu pembeni kidogo, sio kila jengo waliliogopa kuanguka, mengine waliyaogopa kwa aibu. Vienna kuna Looshaus, Adolf Loos, 1910 hadi 1911, limetazamana uso kwa uso na kasri la mfalme. Sehemu ya chini ina marumaru nzuri tu, lakini juu ni ukuta mweupe na madirisha, basi, hakuna fremu ya urembo, hakuna sanamu, hakuna ua lililochongwa. Watu wakaliita nyumba isiyo na nyusi. Kazi ikasimamishwa na wakubwa wa jiji, mwisho wakapatana aweke vyungu vya maua kwenye madirisha. Inasemekana mfalme Franz Joseph akaacha kutumia mlango wa upande ule asilione, hiyo sasa Kiazi Kitamu unaweza kuiita chai ruksa.

Na hapo hapo Vienna, miaka michache kabla, 1906, Otto Wagner alishamaliza benki ya akiba ya posta. Mabamba ya marumaru ya nje yamekazwa kwa boliti zenye vichwa vya alumini vinavyoonekana, safu kwa safu. Yaani boliti ndio urembo. Alumini wakati huo ilikuwa kitu kipya kabisa kwenye majengo. Ukumbi wa ndani una paa la vioo na sakafu ya matofali ya kioo ili mwanga ufike hadi chumba cha chini. Mimi nikiambiwa nichague jengo moja la miaka ile nihamie, ni hilo.

Kiazi Kitamu

Mnasahau Fiat Tagliero ya Asmara. Kituo cha mafuta chenye umbo la ndege, mabawa mawili ya zege, kila moja mita 15, halina nguzo hata moja chini. Injinia Giuseppe Pettazzi. Wakubwa walimlazimisha aweke nguzo, akaweka za mbao za kutoa, na siku ya ufunguzi wanasema alimtishia mkandarasi kwa bastola azitoe. Mabawa yapo hadi leo.

Bimu la Juu

Hilo ni la 1938, mleta uzi kasema hadi 1930. Halafu wewe si ndio ulikataa chai ya mwandishi, hii ya bastola umeipokea bila sukari?

Kiazi Kitamu

Hii nimeipenda ndio maana.

Nondo Mbili

Hahaha acheni ipite. Sehemu ya pili sasa, waliokufa.

Singer Building, New York, 1908, mbunifu Ernest Flagg, kampuni ya cherehani. Mita 187, ndilo lilikuwa ghorofa refu kuliko yote duniani, ingawa taji halikukaa, mwaka uliofuata Metropolitan Life likafika mita 213. Mnara mwembamba mzuri wa matofali mekundu, juu kuba limejipinda kama taa ya kizamani. Lilikuwa imara, hakuna aliyesema litaanguka. Tatizo lake lilikuwa wembamba: mnara ni kama mita 20 kwa 20, ukitoa lifti na ngazi kwenye kila sakafu unabaki na vyumba vidogo vidogo, na makampuni ya miaka ya 1960 yanataka sakafu pana wajaze madawati. Wakaanza kulibomoa 1967. Kwa zaidi ya miaka 50 lilikuwa ndilo jengo refu kuliko yote kuwahi kubomolewa na wenyewe kwa hiari yao.

Larkin, jengo la ofisi, Buffalo, 1906, mbunifu Frank Lloyd Wright. Kampuni ya sabuni iliyouza kwa posta. Humo ndani ukumbi mmoja mkubwa katikati, mwanga unatoka juu, makarani wamezunguka ghorofa kwa ghorofa wanaonana, hewa inasafishwa na kupozwa kabla ya kuingizwa, fanicha za chuma amezichora mwenyewe, vyoo vimening'inizwa ukutani ili sakafu ifagilike chini yake. 1906 hiyo! Kampuni ikaanguka, jengo likavunjwa 1950, na kilichotarajiwa kujengwa pale hakikujengwa, pakabaki maegesho. Kimesalia kipande kimoja cha nguzo ya uzio. Nimeiangalia picha ya ile nguzo muda mrefu kuliko nilivyopaswa.

Halafu Pennsylvania Station, stesheni ya treni ya New York, 1910, wabunifu McKim, Mead na White. Ukumbi wa kusubiria treni waliuiga kwenye mabafu ya Caracalla ya Warumi, na upande wa majukwaa ni paa la chuma na vioo tu. Kitu kilijengwa kama kitakaa miaka elfu mbili. Kilikaa 53. Kampuni ya reli ikaona anga lililo juu ya stesheni lina pesa kuliko stesheni, wakaanza kuvunja Oktoba 1963, nguzo zake za mawe zikaenda kutupwa kwenye matope ya New Jersey. Kelele za pale ndio zilisukuma sheria ya kulinda majengo ya New York ya 1965, na sheria hiyo ndiyo iliyokuja kuiokoa stesheni nyingine ya hapo, Grand Central.

Kwa hiyo mnaona ninachosema. Flatiron lililowekewa dau lipo, Ingalls lililonyimwa kibali lipo, kuba la Breslau limepita vita nzima lipo. Singer na Penn ambayo hakuna aliyekesha kuyangoja, yameondoka.

Dirisha Wazi

Weka na Imperial Hotel ya Tokyo, ya Wright huyo huyo. Ilikuwa ifunguliwe rasmi tarehe 1 Septemba 1923, na siku hiyo hiyo ndio tetemeko kubwa la Kanto likapiga. Hoteli ikabaki, mji ukaungua. Wright akapata sifa dunia nzima, na alihakikisha hakuna anayesahau. Ukweli ni kwamba iliumia kiasi, sakafu zilivimba na sehemu zingine zilititia, maana msingi aliuacha uelee kwenye udongo laini kama jahazi badala ya kuushusha hadi chini kwenye ugumu, na miaka iliyofuata ikaendelea kutitia taratibu. Bwawa la maji la mbele, ambalo mwanzoni lilionekana anasa, ndilo lililosaidia kuzima moto.

Tetemeko halikuiweza, mabomu ya vita hayakuimaliza, ikabomolewa 1968 ipishwe hoteli ndefu yenye vyumba vingi. Sehemu ya mapokezi wameihamishia Meiji-mura karibu na Nagoya.

Kokoto

Samahani mleta uzi, uzi mzuri lakini mimi napinga. Umechagua yaliyosimama ukatuambia walioogopa walikosea. Hawakukosea. Daraja la Quebec, Kanada, tarehe 29 Agosti 1907, limeanguka likiwa bado linajengwa, wafanyakazi 75 wamekufa. Sababu: daraja lilirefushwa ila uzito wake halisi haukupigwa upya, na vyuma vya chini vilishaanza kupinda siku kadhaa kabla, watu wa saiti waliona, mjadala ukawa ni wa barua na simu wakati injinia mshauri yuko New York. Wakajenga tena, 1916 kipande cha kati kikadondoka wakati kinapandishwa, wengine 13. Miaka ile ile, chuma kile kile, na mainjinia wenye majina makubwa. Sasa mtu wa 1907 akisoma hiyo gazetini halafu akaambiwa apande ghorofa ya arobaini, kuogopa kwake ni akili.

Fundi Mstaafu

@Kokoto asante. Vile vyuma vilivyopinda, kuna fundi aliviona asubuhi akasema, na kuna mtu akamjibu vilitoka kiwandani hivyo hivyo. Hilo jibu nimelisikia kwa masikio yangu miaka mingi baada ya Quebec.

Nondo Mbili

@Kokoto nimekubali, ulichosema kina uzito na sikukiweka. Naomba nirekebishe: hofu yao haikuwa ujinga. Ila bado nasimama kwenye nusu ya pili, kwamba haya makubwa ya mjini yaliyopotea yalipotea kwa hesabu za kiwanja.

Udongo Mwekundu

Mnazungumza chuma na zege tu kana kwamba karne ilianza na hivyo viwili. Msikiti mkuu wa Djenné, Mali, huu uliopo sasa umejengwa 1907, mwaka ule ule wa Quebec. Udongo mtupu. Matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, lipu ya udongo, na vile vijiti vya mitende vinavyochomoza ukutani sio urembo peke yake, ndio ngazi ya kudumu ya mafundi kupandia. Mkuu wa mafundi alikuwa Ismaila Traoré. Ndilo jengo kubwa kuliko yote ya udongo duniani, na kila mwaka mji mzima unatoka kulipaka upya kabla ya mvua.

Na huu ulianguka kweli. Novemba 2009 mvua kubwa ilipiga, sehemu ya juu ya mnara mmoja ikaporomoka. Mafundi wakaujenga tena. Nani angeijenga tena Singer?

Bimu la Juu

Duh. Hapo sina la kusema. Maana zege likichoka kulitibu ni kazi ya pesa nyingi, nondo ikishapata kutu ndani inavimba inapasua zege lenyewe, unakuja kuona nje wakati ndani kumeshaharibika. Udongo angalau unaumwa hadharani.

mtazamaji_tu

Swali la mwisho kutoka kiti cha mbele. Flatiron sasa hivi kuna nini ndani?

Nondo Mbili

Ofisi zilishatoka, linageuzwa nyumba za kuishi. Wamiliki waligombana wenyewe kwa wenyewe hadi mahakama ikaamua lipigwe mnada, Machi 2023. Mtu akashinda kwa dola milioni 190, akatakiwa aweke asilimia 10 ya kuanzia, siku ikafika hakuweka, ikabidi mnada urudiwe. Miaka 121 watu wanaweka dau kwenye ile kona na bado hawalipi.

Kiazi Kitamu

Hiyo nayo ni chai?

Nondo Mbili

Hiyo ina risiti.